Mstari Mwekundu Juu ya Pahnsile

Kasimiro alipoanza kung'oa sakau yake ya mlimani, wengi wetu hapa Pahnsile tulidhani msiba umemvuruga akili. Lilikuwa shamba zuri kuliko yote upande huu wa kisiwa chetu cha Pohnpei. Mashina yake yalikuwa manene, mizizi imejaa kama ndevu za mzee, na kila mtu aliyekuwa na harusi, mazishi au kesi ya kuomba radhi alijua kwamba akikwama, kwa Kasimiro hakosi mmea wa kubeba. Bila sakau hapa kwetu huwezi kumzika mtu, huwezi kupewa cheo, huwezi kumtazama usoni uliyemkosea. Mizizi inapondwa juu ya jiwe, inafungwa kwenye gome lenye ute, inakamuliwa, na kikombe kinapita kwa mpangilio wa heshima. Ndivyo tunavyoishi.

Sasa yule bwana akawa anapanda mlimani kila asubuhi na sururu, anang'oa mwenyewe, miche michanga na mikubwa pamoja, halafu anaiacha ikaukie palepale.

Sababu tuliijua, ila hatukuitaja mbele yake. Mvua ya mwaka ule ilinyesha bila kupumzika, na alasiri moja kipande cha mlima kikateleza na kuishukia nyumba ya kaka yake, Salvador, aliyekuwa ameketi barazani na mkewe wakimenya shelisheli. Kijiji kizima kilitoka kuchimba. Kasimiro alichimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Na katikati ya lile tope, juu kabisa, palisimama mashina ya sakau yenye majani mabichi, wima, kama yamepandwa pale na mtu. Yalikuwa yake. Shamba lake lilikuwa juu ya nyumba ya kaka yake, mahali ambapo zamani palikuwa na miti mikubwa aliyoikata yeye mwenyewe, kwa kuwa kule juu kwenye ukungu sakau hukua haraka kuliko bondeni. Sote tulikuwa tukifanya hivyo. Lakini mlima ulioteleza ulikuwa wake.

Siku ile hakulia. Aliyachukua yale mashina, akayarundika kando, kisha akaendelea kuchimba.

Walipomaliza maombolezo ndipo alipokuja Masaki.

Masaki alikuwa mdogo wa mkewe Kasimiro, Marselihna. Mama yao alifariki Masaki akiwa hajui hata kuvaa kaptula vizuri, na Marselihna alipoolewa alikuja naye mgongoni, si mfano wa maneno, mgongoni kweli. Kasimiro alimlea kama mwanawe wa kwanza. Alimfundisha kuogelea, kuchoma viazi vikuu, kuponda sakau bila kulipasua jiwe. Alipomaliza shule ya kisiwani, Kasimiro aliuza sakau na nguruwe mpaka kijana akasoma ng'ambo. Alirudi akaajiriwa kwenye ofisi ya serikali kule mjini Kolonia inayoshughulikia misitu na kilimo. Akawa na pikapu, na kalamu mfukoni mwa shati.

Serikali ilikuwa imetaka kwa muda mrefu kuweka mpaka mlimani. Juu ya mpaka, hakuna kupanda wala kukata. Msitu ubaki ushike udongo na maji. Wapimaji wao walikuja mara ya kwanza tukawangojea kwenye kijito tukiwa na mapanga, nao wakageuza. Hakuna aliyemdhuru mtu. Tuliwaambia tu kwamba mlima ni wetu, na viatu vyao vitachafuka.

Masaki hakuja na wapimaji. Alikuja peke yake, akakaa jikoni kwa dada yake, akamwambia Kasimiro, "Shemeji, kung'oa wewe peke yako hakutasaidia. Mwenzako akibaki juu, mlima utakuja tu."

"Najua," Kasimiro akasema.

"Basi nisaidie niwaambie. Mimi hawatanisikiliza. Wananikumbuka nikiwa na kamasi."

"Na wakubwa zako huko mjini? Leo watuambie tushuke, kesho wapande wao?"

Masaki aliweka kikombe chake chini. "Shemeji, umenilea. Nikikwambia hakuna atakayepanda juu ya mstari, ujue hakuna. Mimi ndiye nitakayeupaka rangi kwa mkono wangu."

Kasimiro hakuhitaji zaidi ya hapo.

Mkutano ulifanyika nahs, ule ukumbi wetu ulio wazi upande mmoja, mkuu wa kijiji akiwa ameketi juu kwenye jukwaa. Sisi humwita kwa cheo chake, Soulik. Jina lake la ubatizo wachache tunalikumbuka. Mawe yalipigwa, sakau ikapondwa, Masaki akasimama akaeleza habari ya mpaka kwa maneno mazuri. Alisema ofisi itatoa miche ya kupanda bondeni. Alisema mpaka utafuata miti, na kila mti wa mpakani utapakwa alama nyekundu ili mtu asiseme hakuona.

Kikuo, jirani aliyekuwa na shamba kule juu, ndiye aliyejibu kwanza. Kikuo mdomo wake haujawahi kufungwa kufuli.

"Masaki," akasema, "juzijuzi tu ulikuwa unajificha nyuma ya sketi ya dada yako ukiona nguruwe. Leo umekuja kutueleza mlima?"

Watu wakacheka. Masaki naye akacheka kidogo.

"Bondeni sakau inachukua miaka," Kikuo akaendelea. "Inakuwa ya manjano kama mgonjwa. Baba yangu kifua kinambana, mnamsikia wenyewe akikohoa. Akifa kesho nitamzika na nini? Na miche ya ofisi?"

"Utasaidiwa," Masaki akasema.

"Na nani? Na wewe? Wewe hata jiwe la kupondea huna."

Soulik akainua mkono, pakawa kimya. Aliuliza swali moja tu. "Nani anamsimamia huyu kijana?"

Kasimiro akasimama. Alikuwa bado hajanyoa tangu mazishi. "Mimi, Soulik. Mimi ndiye wa kwanza kukata kule juu, na mmeona kilichotokea. Masaki ni mtoto wa nyumbani kwangu. Akivunja neno lake, amelivunja langu. Mje kwangu."

Soulik akaagiza kikombe cha kwanza apelekewe Kasimiro badala yake yeye. Jambo hilo halifanyiki hivihivi. Kasimiro akainamisha macho, akanywa, na kwa kunywa kwake sote tukafungwa na neno lake.

Tulishuka. Haikuwa rahisi, na sitaki mtu adhani ilikuwa rahisi. Kuna nyumba zilizokuwa na sakau ya kutosha karamu za vizazi, zikabaki na miche ya kwenye makopo. Kasimiro alizunguka nyumba moja baada ya nyingine, akiwasaidia watu kung'oa, akiwatia moyo, akitukanwa na kunyamaza. Nyumbani kwa Kikuo alifanya kazi peke yake toka asubuhi mpaka jua likapinda, Kikuo ameketi kwenye gogo anamtazama.

"Unang'oa vizuri," Kikuo akamwambia. "Ungekuwa daktari wa meno."

Masika yaliyofuata babake Kikuo akafa. Ile sakau ya bondeni ilikuwa haijafika hata kiunoni. Kikuo akaenda kijiji cha pili kwa wakwe zake, akaomba mmea kama maskini, akaubeba begani akapita nao mbele ya nyumba zetu zote, na hakumwangalia mtu. Kasimiro alimfuata akamwambia pole. Kikuo akasema asante, akaendelea na safari yake.

Ofisi ilimpa Kasimiro kofia, akawa mlinzi wa mpaka. Mshahara hakuwa nao. Kazi yake ilikuwa kupita kwenye miti iliyopakwa rangi na kuangalia kama kuna aliyevuka. Masaki alimpangia mwenyewe. "Shemeji, wewe shika upande wa mto hadi kwenye maporomoko. Kule mgongoni mwa mlima kuna miinuko mibaya, magoti yako hayatakubali. Vijana wa ofisi watakwenda."

Kasimiro alifurahi kwamba kijana anayakumbuka magoti yake.

Kilichompeleka mgongoni ni nguruwe. Alikuwa na jike kubwa alilolitunza kwa ajili ya ubarikio wa mjukuu, likakata kamba likapanda mlimani. Alifuata nyayo zake nusu siku, akavuka mto, akapanda, akavuka tena, mpaka akajikuta upande ambao hakuwa ameukanyaga tangu mpaka uwekwe. Akatafuta alama nyekundu ajue yuko wapi. Alipata mti mmoja uliobanduliwa gome kwa panga pale alama inapokaa, jeraha limeanza kupona, na kwenye ukingo wa jeraha kumebaki rangi kidogo kama damu ya kwenye ukucha. Akaendelea. Mti wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile.

Juu zaidi, mbali sana na hapo, aliona miti yenye alama mpya zinazong'aa.

Kati ya ile miti iliyobanduliwa na ile yenye alama mpya hapakuwa na msitu. Palikuwa na sakau. Shamba lilifuata mgongo wa mlima mpaka macho yakachoka, miche imepangwa mistari kwa mistari, mingine imeshafika kimo cha mtu. Magogo ya miti mikubwa yalikuwa yamelala huku na huku, mengine bado yananukia.

Palikuwa na kibanda cha majani ya mnazi, na mbele yake wanaume wawili wakiota moto. Walikuwa watu wa wilaya ya Kitti, aliwajua kwa namna wanavyovuta maneno.

"Karibu, mzee," mmoja akasema. "Umepotea?"

"Natafuta nguruwe."

"Amepita huku, ametutia hasara. Ni wako? Tutakudai."

Kasimiro akakaa kwenye gogo. "Shamba la nani hili?"

"La Bwana Masaki, yule wa ofisini. Kile kipande cha kule chote ni cha mkubwa wake, ila sisi tunalima huku kwa Masaki. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mlinzi wa mpaka."

Wakatazamana, wakacheka, si kwa ubaya. "Basi umefika, mzee," yule wa pili akasema. "Tulikuwa tunasikia tu kwamba upo. Mpaka uko kule juu, huna haja ya kusumbuka, hatujauvuka."

Yule wa kwanza alikuwa mtu mkarimu. Akafunua sufuria iliyokuwa kando ya moto, akampakulia kwenye jani. "Kula kwanza. Nguruwe hatafika mbali."

Kasimiro aliitazama sufuria. Kishikio chake kimoja kilikuwa kimevunjika na kufungwa waya wa shaba, umezungushwa mara nyingi na kumaliziwa kwa fundo lililolala. Fundo hilo alilifunga yeye. Marselihna alikuwa amemwambia kwamba ile sufuria akina mama wa kanisa wameiazima.

"Nani huwaletea chakula?" akauliza.

"Dada yake bosi. Mama mzuri sana. Anapanda huku na magoti yake yale, kila wiki, hachoki."

Alikula. Ilikuwa shelisheli iliyopondwa na tui, na ndani yake majani ya limau, kitu ambacho hapa Pahnsile hakiwekwi na mwanamke yeyote ila mmoja. Alimaliza kilichokuwa kwenye jani, kwa sababu amekaribishwa. Akashukuru, akasimama. Nguruwe hakumtafuta tena.

Marselihna alikuwa anafagia uwanja aliporudi. Akamwona anakuja mikono mitupu.

"Hukumpata?"

"Nimepata sufuria yetu."

Ufagio ukasimama. Hakuuliza ipi wala wapi. Aliuegemeza ukutani, akakaa kwenye ngazi, akajifuta mikono kwenye sketi ingawa haikuwa na maji.

"Ungeniambia lini?" Kasimiro akauliza.

"Nisingekuambia."

"Marselihna."

"Ungetaka niseme nini, Baba Klemensia? Ni mdogo wangu. Mama alimweka mkononi mwangu akakata roho. Alikuja akaniambia, dada, nimepewa kipande, wakubwa wamechukua chao na mimi wamenipa changu, na nisipochukua watampa mwingine na kazi nitaipoteza. Nikamwambia mwambie shemeji yako. Akasema, shemeji hataelewa."

"Hilo kasema kweli."

"Na watoto wetu ni wa ukoo wangu, mtoto hufuata mama," akasema, na sauti yake ikawa ngumu kidogo. "Wewe unalijua hilo. Si wa ukoo wako. Masaki akipata cheo, wao ndio watakaokuwa na mtu wa kuwasemea. Wewe ukifa, mimi na wao tunarudi kwa nani?"

"Na Salvador?"

Salvador alikuwa akimpenda sana shemeji yake huyu. Alikuwa akimletea samaki kabla ya kumpelekea mkewe mwenyewe, na wote wawili walikuwa wakichekana kwa jambo hilo.

"Ulikuwa unapita pale," Kasimiro akasema. "Njia ya kwenda mgongoni ni ileile, inapita kwenye lile tope. Kila wiki ulipita pale na sufuria yangu."

"Nilikuwa nikipita," akasema. "Nilikuwa nikisimama nasali."

Kasimiro akaingia ndani.

Kesho yake alipanda gari la watu wa samaki akaenda Kolonia. Masaki alipomwona mlangoni pa ofisi alijua. Akamtoa nje mbio, akamfungulia mlango wa pikapu, wakakaa mle ndani vioo vimefungwa, wenzake wanapita na kumsalimia.

"Shemeji, sikuhamisha mpaka mimi," Masaki akaanza. "Nataka ulijue hilo kwanza. Mkubwa wangu aliutaka ule mgongo. Aliutaka tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo lini? Tangu ulipokuwa jikoni kwangu?"

Masaki akaangalia usukani. "Baadaye kidogo. Sikujua siku ile. Nakuapia, siku ile nilikuwa nasema kweli."

"Kisha ukajua."

"Kisha nikajua. Na mimi wakanipa kipande ili ninyamaze."

"Mimi nilipewa nini ili ninyamaze?"

"Wewe hukuhitaji kunyamazishwa, shemeji," Masaki akasema polepole, na nadhani hakukusudia kumuumiza. "Wewe ulikuwa unaamini."

Kasimiro aliniambia baadaye kwamba neno hilo lilimchoma kuliko shamba lenyewe. Alifungua mlango akashuka. Akaiweka ile kofia kwenye kiti alichokuwa amekalia, akarudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa kutwa nzima.

Alikuwa na njia ya kunyamaza. Mgongoni hapaendi mtu. Pengine mwaka mwingine ungepita. Marselihna alimwomba anyamaze, si kwa maneno, kwa namna alivyomwekea maji ya kuoga na kumkunjia nguo. Lakini Jumapili baada ya ibada Kasimiro alimwomba Soulik awaite watu, na pale nahs akasema yote mwenyewe. Alisema nani, wapi na kwa muda gani. Jambo moja tu aliliruka. Habari ya sufuria hakuitaja.

Kulikuwa na kelele kwanza. Mmoja akataka twende tukaling'oe lile shamba sasa hivi, mwingine akataka tukachome pikapu. Waliokuwa wamemtukana Kasimiro zamani walimtukana upya, na waliokuwa wamemsifu wakajiunga nao. Yeye alisimama palepale katikati. Kikuo peke yake ndiye aliyekuwa kimya, na kimya chake kikawanyamazisha wengine, maana hatukukizoea.

"Baba yangu nimemzika na sakau ya kuomba," Kikuo akasema. "Wakati huohuo kule juu kulikuwa na hii?"

"Kulikuwa nayo," Kasimiro akasema.

"Nawe ulikuja ukaniambia pole."

"Sikujua, Kikuo."

"Naamini hukujua." Akainuka, akachukua panga lake lililokuwa limeegemea nguzo, akatoka. Hatukumzuia. Alikwenda kwake tu.

Masaki alikuja siku chache baadaye, mchana, kama inavyotakiwa. Alikuja na wazee wawili wa ukoo wao, na nyuma yao wanaume wakibeba sakau kwenye mti mrefu mabegani, mmea mzima na matawi yake na mizizi yake na udongo wake, mkubwa ajabu. Kwetu mtu akija kuomba radhi hivyo, na wazee wake wakiwa mbele, aliyekosewa hana budi kunywa. Anaweza kukasirika, anaweza kulia, lakini atakunywa. Akinywa, jambo limekufa. Halitajwi tena na yeye wala na watoto wake.

Mmea ukalazwa chini mbele ya Kasimiro. Akaukagua toka kwenye majani mpaka mizizini bila kuugusa.

"Umeung'oa wapi?" akauliza.

Masaki alikuwa amepiga magoti, kichwa chini. "Sina nyingine, shemeji," akasema.

Watu wote walisikia. Mmoja wa wale wazee akakohoa. Kasimiro akamgeukia Soulik juu ya jukwaa, na ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akijiombea kitu.

"Soulik, hii siwezi kuinywa. Hii ndiyo yenyewe, ya mgongoni."

Soulik alikuwa mzee, naye alikuwa amechoka. Nyuma ya Masaki kulikuwa na ukoo mkubwa, na nyuma ya ukoo kulikuwa na wakubwa wa Kolonia, na kijiji chake kilikuwa kinanoa mapanga. Alitaka liishe. "Sakau ni sakau," akasema. "Haiulizwi ilikotoka. Pondeni."

Ikapondwa. Mawe yalilia vile yanavyolia siku zote. Ikakamuliwa, kikombe kikajaa, na aliyekileta akakishika mikono imepishana, macho pembeni, akamnyooshea Kasimiro. Kasimiro alikaa muda mrefu bila kukipokea. Marselihna alikuwa ameketi upande wa wanawake, ameziba mdomo kwa kitambaa.

Akakipokea, akanywa chote. Soulik akasema, "Limekwisha."

Walirudi nyumbani mume na mke, mmoja mbele mmoja nyuma. Nyumba yangu iko kando ya njia, niliwasikia wakipita.

"Umemsamehe?" Marselihna akauliza.

"Nimekunywa."

"Sikuuliza kama umekunywa."

Kasimiro aliendelea kwa mwendo uleule.

Tulidhani angalau mlima utapona. Ila kabla mwezi haujaandama tena, Kikuo alipanda juu na panga na miche yake, akaanza kufyeka palepale alipokuwa zamani. Kesho yake wakapanda wawili, kesho kutwa nusu ya kijiji. Kasimiro aliwafuata. Alisimama chini ya kila shamba, akawaambia wakumbuke tope, wamkumbuke Salvador, wawaangalie wanaolala chini. Sauti ilimkauka.

"Mpaka umevunjwa," akamwambia Kikuo. "Nimelisema mwenyewe mbele yenu. Lakini mlima haujui nani kavunja."

Kikuo aliendelea kukata. Alipouangusha mti aliokuwa akiukata, akajifuta jasho, akamwambia, bila kejeli yoyote, "Ulikunywa, Kasimiro. Tulikuona sote. Ungekataa, mimi ningebaki nawe huko chini mpaka nife. Sasa unataka nikasirike peke yangu?"

Kasimiro akageuka kushuka. Nami niliyekuwa pembeni nikamfuata.

Kuhusu ofisi, hakuna aliyeondolewa. Mkubwa yule alivuna, Masaki akavuna, na sakau yao ikashuka Kolonia kwa malori. Na msimu wa viazi vikuu ulipofika, Masaki alitoa karamu ambayo kijiji hiki hakijawahi kuiona, nguruwe na viazi na sakau mpaka nahs ikajaa, naye akapewa cheo kikubwa, karibu na cha Soulik mwenyewe. Mtu akishapata cheo cha namna ile jina lake huachwa. Hata aliyemzaa humwita kwa cheo, na husema naye kwa lugha ya heshima.

Kasimiro alikuja. Tulikuwa tumewekeana dau kwamba hatakuja, na wote waliosema hivyo wakakosa. Alibeba kiazi kikuu kikubwa kuliko vyote vya shambani kwake, akakilaza mbele pamoja na vingine. Kisha akavua shati, akaketi kwenye jiwe na kuponda pamoja na vijana, ingawa kwa umri wake angeweza kukaa tu. Kikombe cha Masaki kilipokuwa tayari, ikaangukia zamu yake kukipeleka. Alikwenda. Alipishanisha mikono, akainamisha macho, akamwita yule mtoto aliyekuja nyumbani kwake mgongoni mwa Marselihna, kwa cheo chake kipya, kwa neno la heshima linalostahili, bila kukosea hata silabi.

Aliporudi kwenye jiwe nilisogea nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini amejitesa kuja.

"Mke wangu ana ndugu mmoja tu," akasema, akachukua jiwe lake, akaendelea kuponda.